Kikombe cha Shangazi

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34, na muda huo wote nilidhani ninaijua vizuri tofauti kati ya kukosoa na kuhukumu. Niliwaambia wanafunzi wangu mara nyingi kwamba anayekosoa insha hamhukumu mwandishi wake. Nilijaza wino mwekundu katika madaftari yao, kisha nikawarudishia huku nikitabasamu, wapate kujua kwamba ugomvi wangu ni na sentensi, si nao. Lakini mwaka 2011 nilitakiwa kuitumia tofauti hiyo nje ya darasa, kwa mtu wa damu yangu, nami nikashindwa. Insha hii inaeleza kushindwa huko. Naiandika kwa sababu naona wengi wetu tunashindwa vivyo hivyo makanisani, misikitini, barazani na majumbani, na wala hatutambui kwamba tumeshindwa.

Msomaji bila shaka anaukumbuka mwaka ule. Katika kijiji cha Samunge, huko Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alisema kwamba Mungu amemwonyesha katika ndoto dawa itokanayo na mti uitwao mugariga. Dawa ilichemshwa na mgonjwa akanywa kikombe kimoja tu, kwa shilingi 500. Ilisemwa kwamba inaponya UKIMWI, kisukari, pumu, saratani na shinikizo la damu. Ilipofika Machi 2011 foleni ya magari ilikuwa imeenea kilometa nyingi porini. Watu walikwenda kwa mabasi, kwa Noah na kwa malori, na wenye uwezo walikwenda kwa helikopta. Walikwenda maskini na viongozi wa serikali, Wakristo na Waislamu, Watanzania na majirani zetu. Makumi ya wagonjwa walifariki wakiwa njiani au kwenye foleni. Babu, kama alivyoitwa na taifa zima, naye alifariki dunia Julai 2021.

Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba siamini, na mpaka leo nasimamia hoja zangu. Kisukari hutokea mwili unapokosa insulini au unaposhindwa kuitumia. UKIMWI huletwa na virusi. Pumu ni kubana kwa njia za hewa, na saratani ni chembe za mwili zinazokua bila mpaka. Mtu akiniambia kwamba ufunguo mmoja unafungua milango hii yote, namwomba anionyeshe milango iliyofunguka. Kujisikia nafuu hakutoshi. Mgonjwa aliyesafiri siku tatu kwa matumaini, akalala nje na wenzake wakiimba, akarudi nyumbani akapokewa na ndugu wenye furaha, huyo atajisikia nafuu hata kama alikunywa chai ya rangi. Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa moyo wake. Kipimo ni damu yake. Dai la kuponya mwili ni dai linalopimika, na lisipopimwa watu hufa. Hakuna katika maneno haya hata moja ninalolifuta.

Ninachokifuta ni kingine.

Shangazi yangu, dada yake baba, aliishi milimani juu ya Lushoto. Ukoo wetu, kama koo nyingi za Usambara, una Waislamu na Wakristo waliozaliwa tumbo moja. Yeye alikuwa Mlutheri wa kuimba kwaya. Mimi nimepewa jina la babu, yaani baba yake, ndiyo maana tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni aliniita baba. Alipatikana na kisukari mwaka 2004, akawa anameza vidonge asubuhi na jioni. Nauli ya kwenda Loliondo hakuwa nayo. Lakini kabla masika ya mwaka ule hayajaisha, vikombe vingine vilikuwa vimezuka sehemu mbalimbali za nchi, na kimoja kilizuka mahali ambapo mtu wa kwetu angeweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Simtaji aliyekitoa, maana insha hii haimhusu yeye. Shangazi alikunywa Aprili.

Juni tulikutana nyumbani kwa arobaini ya baba mdogo. Baada ya kula watu walikaa ukumbini na uani wakizungumza, na kama ilivyokuwa kila mahali mwaka ule, mazungumzo yakaangukia kwenye vikombe. Binamu yangu mmoja akasema, "Tumsikie mwalimu." Nikasimama. Nilianza vizuri, kwa hoja hizi nilizozieleza hapo juu. Lakini nilipoona watu wananisikiliza, nikaongeza chumvi. Nikasema kwamba kuna watu katika nchi hii ambao ukiwatangazia maji ya mtaroni watapanga foleni. Nikasema kwamba ujinga ndio ugonjwa pekee usio na kikombe. Watu wakacheka. Nikasema zaidi, wakacheka zaidi. Shangazi alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango wa jikoni na wanawake wenzake. Aliivuta khanga yake mabegani, akainamia kikombe chake cha chai.

Nilijua kwamba alikwenda. Binti yake aliniambia. Ningependa kumwambia msomaji kwamba maneno yalinitoka bila kufikiri, lakini ukweli ni kwamba niliyasema kwa sababu nilijua.

Oktoba nikapigiwa simu. Shangazi alijichoma kijiti shambani, chini ya unyayo, na hakusikia maumivu. Kisukari kisipodhibitiwa huua mishipa ya fahamu ya miguu na kudhoofisha mzunguko wa damu, hivyo mtu huumia bila kujua na kidonda hakiponi. Alikaa na kidonda kile miezi mitatu, akikifunga kitambaa na kuvaa soksi hata kanisani. Alipofikishwa hospitali, mguu ulikuwa umeoza. Wakaukata chini ya goti. Muuguzi alipouliza habari za dawa, ndipo watoto wake walipojua kwamba vidonge alikwisha viacha tangu Aprili.

Nilikwenda kumwona Januari 2012, alipokuwa amerudi nyumbani. Nilimkuta ameketi kwenye kiti, mguu wake mmoja juu ya kigoda, akichambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba baba." Tulizungumza habari za mvua na za watoto. Kisha akasema, macho yake yakiwa bado kwenye ungo:

"Baba, siku ile ya arobaini nilikuwa nataka kukuuliza neno."

"Neno gani, shangazi?"

"Kama naweza kunywa kikombe na vidonge pia nikaendelea navyo. Yule aliyetupa alisema ukimeza vidonge hujaamini. Moyo wangu ulikuwa hautulii. Nikasema nitamwuliza baba, yeye amesoma. Basi ukasimama, ukaanza kuchekesha watu."

Sikuwa na jibu. Akaendelea kuchambua. Baadaye akanieleza mengine bila mimi kuuliza. Kwamba kwa miaka saba alikuwa akishuka mlima kufuata dawa, siku nyingine akizikuta, siku nyingine akiambiwa zimekwisha akanunue dukani. Kwamba alipokuwa akizipata, aliyempa hakuinua uso kumtazama. Na kwamba yule mtu wa kikombe alimshika kichwani, akamwuliza jina lake na majina ya watoto wake, akamwombea. "Sikuwa mjinga, baba," alisema. "Nilikuwa nimechoka."

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi ni kosa gani hasa nililolitenda. Si kukosoa kikombe. Kikombe kilistahili kukosolewa, na laiti ningekikosoa kwa namna iliyomfaa shangazi, pengine angekufa na miguu yake miwili. Kosa langu ni kwamba wakati mmoja, katikati ya hotuba yangu, niliacha kuzungumza habari za kikombe nikaanza kuzungumza habari za wanywaji. Wanywaji nao, walipoona wamekwisha kuhukumiwa, walificha yote yaliyobaki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Hawakusema ni nani anayemfanya mtu afiche maradhi yake. Mara nyingi ni sisi tulio sahihi.

Msomaji aniruhusu nirudi darasani kidogo, maana lugha yetu inalo la kutufundisha hapa. Kiswahili kina vitenzi ambavyo mwisho wake ukibadilika maana hupinduka. Tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua, tunachoma mwiba na kuuchomoa. Kukosa na kukosoa ni wa jamii hiyo hiyo. Anayekosoa analitoa kosa mahali lilipojichoma, kama mtu anayemchomoa mwenzake mwiba. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa mbali, na haiwezi kufanywa kwa mtu anayekimbia. Lazima ashike mguu, na mwenye mguu akubali kushikwa. Neno kuhukumu lilitoka Uarabuni, likaja na ndugu zake wawili, hakimu na hekima, wote wa mzizi mmoja. Hakimu husikiliza pande zote mbili kabla ya kutamka, na ndiyo maana hukumu ilikuwa ndugu wa hekima. Sisi tulio wengi tunamwacha hakimu nyumbani pamoja na hekima, tukachukua hukumu peke yake na kwenda nayo barazani.

Tena kuna ngeli. Siku hizi nikisikiliza mtu anayezungumza habari za dini ya mwenziwe, nasikiliza ngeli zake. Akisema "fundisho hili linasema hivi, nami naona halina msingi kwa sababu hii", najua anakosoa, hata kama ni mkali. Mara akiingia katika ngeli ya watu, akaanza "hawa ndivyo walivyo", "wale hawawezi kufikiri", "nyie mmepotoshwa", najua kwamba amehama. Fundisho linaweza kujibiwa. Tendo linaweza kuelezwa au kuachwa. Lakini mtu aliyeambiwa kwamba ndivyo alivyo atajibu nini? Atanyamaza, au atarusha jiwe.

Mawe tuliyaona. Katika miaka ya 1980 na 1990 nchi yetu ilikuwa na mihadhara, mikutano ya hadhara ambayo Waislamu na Wakristo walibishana juu ya vitabu vyao. Nilihudhuria kadhaa. Wasemaji wengine, wa pande zote mbili, walikuwa na elimu kubwa, na nilijifunza kwao mambo ambayo kanisani kwangu sikuwahi kufundishwa. Sioni ubaya wa watu wazima kubishana juu ya Utatu au juu ya unabii. Maswali hayo yana umri mkubwa kuliko nchi yetu, na hayatavunjika kwa kuguswa. Lakini jioni nyingi hazikuishia kwenye maswali hayo. Msemaji alianza na aya, wasikilizaji wakapoa. Akamtaja jirani, wasikilizaji wakashangilia. Akajifunza ni kipi kinachoshangiliwa, kama mimi nilivyojifunza siku ile ya arobaini. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa Dar es Salaam. Kusema kwamba nyama fulani ni haramu ni imani ya mtu na haki yake, na kuipinga imani hiyo kwa hoja ni haki ya mwingine. Lakini aliyebaki kuokota vioo asubuhi hakuwa hoja. Alikuwa mtu mwenye watoto.

Basi, yupo atakayesema, dawa yake ni kunyamaza. Tusiguse imani ya mtu kabisa. Kila mtu na dini yake, na Mungu ndiye hakimu. Maneno haya yana sura nzuri, na kwa muda niliyaamini kwa sababu ya aibu yangu. Lakini siku moja nilizungumza na mzee mmoja wa usharika wa shangazi, mtu mwema, jirani yake wa miaka mingi. Akaniambia kwamba yeye alijua tangu Mei kuwa shangazi ameacha vidonge. Alimwona akivitupa shimoni. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Mimi ni nani hata nimhukumu?"

Nilirudi nyumbani na jibu lile nikalitafakari usiku kucha. Mzee yule na mimi tulionekana kama watu wawili wasiofanana. Mimi nilisema kupita kiasi, yeye hakusema kabisa. Mimi nilijiona hodari, yeye alijiona mnyenyekevu. Lakini kwa shangazi matokeo yalikuwa mamoja, maana wote wawili tulimwacha peke yake na kikombe chake. Hakuna kati yetu aliyekwenda akaketi mkekani akasema, "Nimesikia umeacha dawa. Hebu nieleze imekuwaje." Mimi nilidhani sina haja ya kuuliza kwa sababu najua, naye alidhani hana haki ya kuuliza kwa sababu si hakimu. Wote wawili tulikosa jambo lile lile.

Wakristo wenzangu huilinda kimya hicho kwa sura ya 7 ya Injili ya Mathayo, inayokataza kuhukumu. Nawaomba waisome sura hiyo hadi mwisho. Aliye na boriti jichoni anaambiwa aanze kuitoa boriti yake, lakini mfano hauishii hapo. Anaambiwa kwamba akiisha kuitoa ndipo atakapoona vema kutoa kibanzi cha ndugu yake. Kibanzi hakikuachwa jichoni. Na aya chache baadaye katika sura hiyo hiyo wasikilizaji wanaonywa wajihadhari na manabii wa uongo, na wanapewa kipimo cha kuwatambua, yaani matunda. Mtu hawezi kuyatazama matunda huku amefumba macho kwa hofu ya kuhukumu. Ndugu zangu Waislamu nao wanafundishwa kwamba kupeana nasaha ni sehemu ya dini yenyewe, si kuvuka mpaka wa dini. Kwa hiyo asemaye kwamba dini inatukataza kukosoana, anatumia kipande cha dini kuifungia dini mdomo.

Kimya kina bei yake. Mwezi Aprili 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu waliofundishwa kwamba wakifunga kula hadi kufa watakutana na Yesu. Miili iliyotolewa ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Kabla ya hapo, Machi 17, 2000, mamia ya waumini waliteketea kanisani huko Kanungu, Uganda, katika kundi lililokuwa likihubiri mwisho wa dunia. Watoto hawakuchagua imani ile, na hakuna adabu ya ujirani inayoweza kutudai tunyamaze wakati mtoto ananyimwa chakula. Hapo kukosoa hakutoshi. Hapo ni kuita polisi. Na mahakama ipo kwa kazi hiyo, kupima matendo na kutoa adhabu baada ya kusikiliza. Lakini hata Shakahola tunapaswa kuwa waangalifu na ulimi. Nilisikia watu wengi wakisema kwamba waliokufa ni wapumbavu, wamejitakia. Kila niliposikia hivyo nilimwona shangazi akiivuta khanga yake mabegani. Labda katika msitu ule alikuwamo mama aliyekuwa na swali lake moyoni, akatafuta wa kumwuliza, akawakuta wale wanaocheka na wale wanaonyamaza.

Kuna msemo wa kale unaotumiwa sana katika jambo hili, kwamba tuichukie dhambi na kumpenda mwenye dhambi. Mizizi yake hufikishwa kwa Agustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliyeandika wazo la namna hiyo katika barua yake kwa watawa wa kike mwanzoni mwa karne ya 5. Miaka 1,500 baadaye, Gandhi naye aliligusa wazo hilo alipoandika habari za maisha yake, akakiri kwamba ni rahisi kulielewa lakini ni wachache wanaolitenda. Naungana na Gandhi, tena naongeza lawama yangu mwenyewe. Msemo huu umekuwa hati ya ruhusa. Mtu husema kwanza kwamba anampenda mwenye dhambi, kisha hujiona ameruhusiwa kumchapa. Mimi mwenyewe, ungeniuliza siku ile ya arobaini, ningekuapia kwamba nampenda shangazi na kwamba ninachokichukia ni kikombe tu. Ningekuwa nasema kweli, na isingemsaidia kitu.

Tena msemo huo unasahau kwamba imani haivuliwi kama koti. Ukilichana koti la mtu, mwenyewe yuko salama ndani. Imani ya shangazi haikuwa koti. Ilikuwa nyimbo alizoimba tangu msichana, na kaburi la mumewe lenye msalaba, na sala yake ya alfajiri kabla ya kuwasha moto. Ukiigusa, unamgusa yeye. Mkosoaji anayesema "mimi nashughulika na hoja tu, atakayeumia ni shauri lake" hajasema kweli yote. Tutaumiza. Hata anayechomoa mwiba huumiza. Tofauti ni kwamba huyo anaumiza akiwa ameushika mguu mkononi, naye husimama akiambiwa simama.

Je, nimepata kanuni? Sina, ila nina mazoea ninayojitahidi kuyafuata. Kwanza, nauliza kabla ya kusema. Naweza kukuta kwamba ninachotaka kukikosoa sicho mtu anachokiamini, na naweza kukuta, kama kwa shangazi, kwamba yeye mwenyewe ana shaka tayari na anatafuta wa kumsaidia kuibeba. Pili, jambo ambalo siwezi kumwambia mtu tukiwa wawili, silisemi mbele ya watu wanaocheka. Tatu, natenga kilichopimika na kisichopimika. Kwamba kikombe kinaponya kisukari, hilo linapimika, na nitasema wazi kwamba si kweli. Kwamba Mungu yupo na anasikia maombi ya mama mzee, hilo halimo katika chupa ya maabara, na sina sababu ya kulivunja ili nipate kulijibu la kwanza. Nne, siingii moyoni mwa mtu. Kwa mzee wa Samunge sina haja ya kumwita tapeli. Sikuiona ndoto yake, na huenda aliiamini kwa moyo wake wote. Naweza kusema kwamba dai lilikuwa si kweli bila kusema kwamba mwenye dai alikuwa mwongo. Hayo ni mambo mawili, na kwa bahati mbaya hasira hupenda kuyafanya moja.

Shangazi aliishi baada ya hapo miaka minne na zaidi. Aliendelea na vidonge, nami nilihakikisha havikosekani. Hilo lilikuwa rahisi kuliko hotuba na lilifaa zaidi. Mwaka 2014 nilikwenda kumtembelea nikamkuta na redio begani, anasikiliza mahubiri. Mhubiri alikuwa anatangaza mafuta yaliyoombewa, ya kupaka palipo na ugonjwa. Shangazi akapunguza sauti ya redio, akanitazama.

"Baba, haya unayaonaje?"

Sijui kama msomaji ataelewa nilivyolipokea swali hilo. Nilikuwa nimelisubiri miaka mitatu. Nikamwambia ninavyoona, bila kupunguza neno: kwamba ni mafuta kama mafuta ya kupikia, kwamba anayeyauza anapata fedha, na kwamba sukari yake haitashuka hata kidogo kwa kuyapaka. Akanisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza maswali mawili, nikayajibu. Kisha akacheka, akasema, "Basi wewe una kichwa kigumu kama aliyekuzaa."

Juma lililofuata akamtuma mjukuu wake akanunue mafuta. Alijipaka kwenye goti kila usiku, akaomba, na asubuhi akameza vidonge vyake. Sikuyapenda mafuta yale, na kila nilipokwenda nilimwambia hivyo. Naye kila nilipokwenda aliniuliza tena jambo jingine.